MPANDA NGAZI HUSHUKA: TUUTUNZE UKINGO WA KIDATO

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu wa ufundi wa ujenzi mbele ya walimu wakuu na maofisa wanaosimamia majengo ya umma.



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa majengo yetu. Hilo ni shamba kubwa, wala mtu mmoja hawezi kulilima lote kwa asubuhi moja. Kwa hiyo nimechagua tuta moja tu, nalo ni ukingo wa kidato cha ngazi. Nasema juu ya ile sehemu ya mbele, upana wa vidole vitatu, ambako kanyagio linakutana na uso wa kidato unaosimama.

Najua wako miongoni mwenu wanaojiuliza kama mzee huyu amekosa la kusema. Madawati hayatoshi, paa zinavuja, naye anatuletea habari za ukingo wa ngazi! Nawaomba mnivumilie. Wahenga walisema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Usemi huo una kweli yake njiani. Lakini kwenye ngazi, na hasa kwa mtu anayeshuka, kujikwaa ndiko kuanguka kwenyewe. Wahenga hao hao walituonya pia kwamba mpanda ngazi hushuka. Kwa kawaida usemi huo tunawaonyea wenye vyeo. Leo nautumia kama ulivyo. Kila mtoto anayepanda ghorofani asubuhi atashuka saa ya mapumziko, tena kwa mbio, vitabu mkononi, wala hatazami miguu yake.

KOSA NILILOTENDA

Si haki kuwakosoa wengine kabla ya kujikosoa, kwa hiyo nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na jengo la ghorofa lenye ngazi ya saruji. Kingo za vidato zilikuwa zimeliwa katikati, mahali watu wanapopita zaidi, hata zikawa na umbo la mwezi mchanga. Mkuu wa shule akaniita, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa ufundi. Wageni wanakuja wiki ijayo. Tutengenezee ngazi hii."

Nami nilitaka sifa. Nikachukua saruji nyingi na mchanga mwororo, nikawaongoza wanafunzi wangu kuziba mapengo yote kwa mwiko, kisha tukapiga niru juu yake. Siku ya tatu ngazi iling'aa kama mpya. Wageni waliisifu, mkuu wa shule aliisifu, nami nikavimba kichwa.

Muhula haukwisha. Kiraka cha kidato cha nne kutoka juu kilibanduka chini ya mguu wa msichana aliyekuwa akishuka na ndoo baada ya kupiga deki darasani. Alivunjika mkono wa kulia, akakosa mtihani wa mwisho wa mwaka. Nilipokwenda kukitafuta kile kiraka nilikikuta kimelala chini ya ngazi, kizima, kigumu kama jiwe. Hakikuvunjika, kilijitoa tu, kwa kuwa hakikuwahi kushikana na zege la zamani. Nilikigeuza, nikaona upande wake wa chini umejaa vumbi. Sikuwa nimelisafisha zege lile, wala kulichonga, wala kulilowesha maji. Nilikuwa nimebandika saruji juu ya vumbi, na juu ya vumbi nikamsimamisha mtoto wa mwenzangu. Lawama ilikuwa yangu, na tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa kingo za ngazi.

KWA NINI UKINGO HUFA KWANZA

Tujiulize: kwa nini ngazi huanza kuharibika ukingoni? Sababu zake ni tatu.

Kwanza, sakafu ya kawaida imeshikwa pande zote na sakafu nyingine. Ukingo uko wazi pande mbili, juu na mbele, na chembe iliyo katika ncha ile haina jirani wa kuiegemea. Pili, mtu anayepanda hugonga ukingo kwa ncha ya kiatu, na anayeshuka huusaga kwa unyayo wakati mguu wake unapogeuka kwenda chini. Uzito wa mwili mzima hupita juu ya ukanda mwembamba, siku baada ya siku, na karibu kila mtu hupita mahali pale pale. Tatu, ukingo ndio hujengwa mwisho na kwa haraka. Zege humwagwa leo, na urembo wa juu huja baada ya miezi, wakati fundi amekwisha kuchoka na fedha zimekwisha kupungua. Hivyo sehemu inayoumizwa kuliko zote ndiyo inayopewa mwili dhaifu kuliko zote.

Kutokana na hayo nimejifunza kanuni moja, nayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Ukingo wa kidato na ulingane na sakafu kwa mwili, kwa ugumu na kwa usawa wa uso. Lakini usilingane nayo kwa rangi.

Kulingana kwa mwili maana yake ni kwamba ukingo na sakafu vitanuke na kusinyaa pamoja, viliwe pamoja na kuzeeka pamoja. Kulingana kwa usawa maana yake ni kwamba pasiwe na mdomo unaoinuka mahali ukingo unapopokea sakafu, kwa kuwa mdomo wa milimita chache tu unatosha kushika kisigino. Ama kuhusu rangi, wasanifu wengi hupenda ngazi yenye rangi moja tangu chini hadi juu, na picha zake hupendeza sana. Lakini mtu anayeshuka ngazi hiyo jioni haoni vidato. Huona mteremko mmoja. Wazee wetu wanaokuja kufuatilia pensheni hawauoni ukingo. Wanafunzi wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, hawauoni. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza kwa majengo yanayotumiwa na umma unataka ukingo uwe na ukanda wa rangi tofauti wenye upana wa milimita 55 juu ya kanyagio, na 55 nyingine katika uso unaosimama, ili uonekane na anayeshuka na anayepanda. Hatuna haja ya kuwaiga Waingereza katika kila jambo, lakini macho ya binadamu ni yale yale.

NGAZI ZA SARUJI

Sasa tuitazame kanuni hii katika vifaa tunavyovitumia. Ngazi nyingi za shule zetu ni za zege lililopigwa lipu na niru. Katika jengo jipya, dawa ni kuacha nafasi ya ukingo wakati zege linapomwagwa: mfereji wa upana wa milimita 50 na kina cha milimita 40, tangu upande mmoja wa kidato hadi wa pili. Katika jengo la zamani, mfereji huo huchongwa kwa tindo mpaka lionekane zege safi lenye kokoto. Kisha vumbi lote hufagiwa na kuoshwa, zege hulowanishwa tangu usiku wa kuamkia kazi, na kabla tu ya kujaza hupakwa uji wa saruji kwa brashi. Hapo ndipo mahali nilipokosea mimi.

Mchanganyiko wa kujazia usiwe wa mchanga mwororo. Ndoo moja ya saruji, moja ya mchanga mkali, na mbili za kokoto ndogo zisizozidi milimita 6. Maji yawe kidogo kadiri inavyowezekana. Mbao ya mbele ishikwe imara, na mchanganyiko ushindiliwe. Ncha isiachwe kali kama kisu. Iviringwe kidogo kwa mwiko wa pembe, maana ncha kali huvunjika na humkata anayeanguka. Lakini isiviringwe mno, mguu ukateleza. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu haviruhusu mviringo huo uzidi nusu inchi, yaani kama milimita 13. Kabla haujakauka, chora mifereji miwili au mitatu myembamba ya kuushika unyayo, na changanya rangi ya unga katika saruji yenyewe ili ukingo uwe na rangi tofauti mwilini mwake. Rangi ya kupaka juu haikai ukingoni.

Halafu ngojeni. Saruji haipati nguvu kwa jua. Huipata kwa maji. Funikeni ukingo kwa magunia yaliyoloweshwa kwa muda wa siku 7, na watu wasipite. Kama ngazi ni moja tu, tengenezeni nusu ya upana wa ngazi kwanza, na nusu nyingine baadaye. Ni afadhali wanafunzi wapishane kwa tabu wiki mbili kuliko kuifanya kazi ile ile mara mbili.

Wengine huweka chuma cha pembe ukingoni. Ni kizuri mahali pakavu, lakini katika miji yetu ya pwani, kama Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, chuma kitupu hugeuka adui. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo husukuma saruji na kuipasua kutoka ndani. Atumiaye chuma na atumie kilichopakwa zinki, tena chenye miguu ya kuzama ndani ya zege. Alumini nayo isikutane na saruji mbichi bila kupakwa rangi ya kuikinga, maana saruji mbichi huila.

TERAZO NA MARUMARU

Majengo mengi ya ofisi yaliyojengwa zamani yana sakafu ya terazo, yaani vipande vya marumaru vilivyofungwa kwa saruji na kusagwa mpaka viwe laini. Ufundi huu ulitoka Venice, na mimi husema ni sakafu ya watu wenye subira. Ukingo wa terazo utengenezwe kwa mawe yale yale na saruji ile ile, lakini vipande vya ukanda wa mbele viwe vyeusi kama sakafu ni nyeupe, au vyeupe kama sakafu ni nyeusi. Kwa kuwa terazo iliyosagwa huteleza ikilowa, mafundi wa zamani walikuwa wakiacha mfereji karibu na ukingo na kuujaza chembe za kaborandamu. Kitu hicho, kilichogunduliwa na Edward Goodrich Acheson wa Marekani mwaka 1891, ni kigumu hata hutumika kusagia terazo yenyewe; basi nyayo za watu hazikiwezi. Ukanda huo uwe sawa na uso wa kanyagio au uinuke kidogo sana. Na usagaji ufanywe kwa maji, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni haliponyeki.

Siku hizi kila mtu anataka vigae, ambavyo sokoni tumezoea kuviita marumaru. Hapa nimeona makosa mengi kuliko mahali popote. Fundi hukata kigae cha sakafu, akakiacha kitokeze mbele ya kidato kwa sentimita mbili bila kitu chini yake, na uso wake uliokatwa ukiwa wazi. Kigae ni kigumu lakini hakipindi. Kikikanyagwa mahali pasipo na tegemeo huvunjika, na kikivunjika huacha meno. Kama duka lina vigae vya ngazi vya aina ile ile, vyenye ukingo mnene ulioviringwa na mifereji, vinunuliwe siku moja na vya sakafu; ukirudi mwakani aghalabu hutavikuta. Kama havipo, itumike pembe ya shaba au ya alumini iliyokingwa, ambayo bawa lake linalala chini ya kigae na kuzikwa katika gundi. Ile inayobandikwa juu baada ya kazi kwisha hung'oka. Chini ya kigae cha mbele pasiwe na uwazi hata kidogo. Kipigeni kwa mpini wa nyundo: kikilia kama ngoma, fundi akirudie kabla hajalipwa.

NGAZI ZA MBAO

Ambapo sakafu ni ya mbao, mwalimu wa useremala ana kazi nzuri ya kuwafundishia wanafunzi. Ukingo utoke katika mti ule ule wa sakafu, nyuzi zake zikienda kwa urefu wa kidato. Mninga unasifiwa kwa kuwa hausinyai sana. Mkongo ni mzito na hustahimili kusagwa. Mbao hizo sharti ziwe zimekauka sawasawa, maana ukingo mbichi ukipigwa misumari leo, mwaka kesho utaacha ufa wa kupitisha sarafu. Ukingo uchongwe mfereji wa kupokea ulimi wa ubao wa sakafu, upakwe gundi, ukazwe kwa skrubu zilizozamishwa, na matundu yazibwe kwa vipande vya mti ule ule. Kichwa cha msumari kinachochungulia ukingoni ni mtego.

Kuna pia mbao za kisasa za kubandika ambazo juu zina picha ya mti na ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Hizo haziwezi kuviringwa ukingoni, kwa kuwa ukiikata ile picha umekutana na unga, na unga ukinywa maji huvimba. Mwenye sakafu ya namna hiyo na atengeneze ukingo wa mbao ngumu kwa kimo kile kile, aupake rangi inayoelekeana na sakafu, na aachie mstari mweusi wa kuonekana.

HESABU YA VIMO

Ndugu Walimu, nawaletea hesabu ndogo ambayo mnaweza kuwapa wanafunzi wenu. Ngazi ina vimo 20, kila kimo milimita 160. Jumla mita 3.2. Sasa tunaamua kuweka vigae. Vigae pamoja na kitanda chake vina unene wa milimita 30. Tunaviweka chini, tunaviweka juu, lakini fedha zinakwisha na ngazi tunaiacha. Kimo cha kwanza kitakuwa 130, vya katikati 160, na cha mwisho 190. Ngazi iliyokuwa sawa imekuwa na vimo vitatu mbalimbali, na hakuna aliyeigusa!

Mguu una kumbukumbu. Ukishapanda vidato viwili vitatu huacha kupima. Huamini kwamba kijacho ni kama kilichopita. Mfaransa Nicolas-François Blondel aliandika tangu mwaka 1675 kwamba ngazi nzuri hufuata hatua ya mtu: kimo mara mbili, ukijumlisha na upana wa kanyagio, vilingane na hatua moja, naye aliikadiria kuwa kama sentimita 65. Lakini hata hesabu yake haina faida kama kidato kimoja kinadanganya. Kwa hiyo unene wa urembo wote uamuliwe kabla ya zege kumwagwa, na atakayeongeza milimita 30 sakafuni aziongeze katika kila kidato bila kubakiza hata kimoja.

WAJIBU WETU

Sasa nawageukia maofisa. Nimesoma makadirio mengi ya ujenzi katika maisha yangu. Nimeona mlango, dirisha, bomba na kitasa vikitajwa kila kimoja katika mstari wake. Mara nyingi ukingo wa ngazi haukutajwa; umemezwa katika neno "sakafu", na kisichotajwa hakilipiwi, na kisicholipiwa hakifanywi. Andikeni mstari wa ukingo: urefu wake kwa mita, kifaa chake, rangi yake, na namna ya kuushikiza.

Wala tusiseme kwamba ni gharama. Chukueni ngazi yenye vidato 20 vya upana wa mita moja na nusu. Mfereji niliowaeleza unabeba lita 3 za mchanganyiko katika kila kidato. Jumla lita 60. Kwa kipimo cha moja, moja, mbili, saruji inayohitajika haifiki mfuko mmoja wa kilo 50. Kinachohitajika zaidi ni muda, maji, magunia na mtu wa kusimamia.

Na siku ya kukabidhiwa jengo, tusitosheke na kukata utepe. Mkaguzi apande ngazi na rula, apime kila kimo. Agonge kila ukingo. Kisha apande mpaka juu, ageuke, ashuke jioni kabla taa hazijawashwa. Asipoweza kuhesabu kingo zote kwa macho akiwa juu, asitie sahihi.

Kwa walimu nina ombi moja. Kila mwanzo wa muhula, wapeni wanafunzi wa zamu kazi ya kukagua kingo za ngazi na kuandika daftarini kilichopasuka. Ufa wa leo unazibwa na fundi mmoja kwa siku moja. Tukiuacha, mwakani tutajenga kidato kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hauumi, lakini kidato kinauma.

Ndugu Mwenyekiti, lugha yetu ina neno moja kwa ngazi na kwa darasa: mtoto wa sekondari yuko kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Neno hilo linatufanya tuone elimu kama ngazi ya kupandwa hatua kwa hatua. Msichana yule wa ndoo alikuwa kidato cha pili. Mkono wake ulipona, akarudia mwaka, akaendelea na masomo. Kila aliponikuta njiani alinisalimu shikamoo bila kinyongo, nami niliitikia marahaba huku nimeinamisha macho. Mwaka mmoja wa maisha yake ulipotea kwa kiraka nilichokibandika ili nisifiwe na wageni.

Mtakapotoka hapa mtashuka ngazi ya jengo hili. Nawaomba mshuke polepole, na mtazame kingo zake.